Mtaro wa Jirani na Mji wa Kale wa Mohenjo-daro

Maji hayana desturi ya kupiga hodi. Usiku mmoja wa masika, mvua ilipokuwa imenyesha tangu magharibi hadi karibu na alfajiri, maji yaliingia jikoni kwa mama mmoja akaaye katika mtaa wa bondeni, si mbali na mto. Yalipita chini ya mlango, yakazima makaa yaliyokuwa yamefukiwa majivuni, yakalowesha gunia la unga, yakafika hadi chumba walimolala watoto. Mama alipoamka na kushusha miguu, alikanyaga tope lenye harufu mbaya.

Mwanzoni alidhani kwamba mto umefurika. Lakini kulipopambazuka alitoka nje, akautazama mto, akauona umo ndani ya kingo zake. Maji yaliyomwingilia yalikuwa yametoka upande wa pili, upande wa mlimani. Yalikuwa maji ya jirani wa juu. Mtaro upitao mbele ya nyumba zao ulikuwa umezibwa na maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi, chupa za plastiki na matambara. Na maji ya mvua, yaliyochanganyika na maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo, yalipokosa njia yalijitafutia njia nyingine.

Jambo hilo lingesameheka kama lingekuwa ni la kulowesha unga tu. Lakini kitinda mimba wa mama huyo, mtoto wa miaka miwili, alikuwa ameugua ugonjwa wa kuhara mara mbili katika mwezi huo, na mara ya pili alirudishwa kutoka zahanati akiwa amelegea, hana hata nguvu ya kulia. Muuguzi alikuwa amemwuliza mama, "Maji machafu ya kwenu huenda wapi?" Siku ile mama hakuwa na jibu. Asubuhi hii alidhani amelipata. Alilichukua jembe, akaliweka begani, akaazimu kwenda kwa jirani yake. Na kwa kweli jembe hilo hakulichukua kwa nia ya kulima.

Aliyemchelewesha ni mwanawe mkubwa, kijana wa sekondari, aliyekuwa ameketi juani akikausha kitabu chake cha historia, akifunua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha za vidole ili usichanike. Mama alikuwa amekinunua kitabu hicho kwa fedha za mboga alizouza sokoni, akasimama kuitazama hasara yake. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na picha ya njia nyembamba baina ya kuta ndefu za matofali, na kando ya njia hiyo mlikuwa na mfereji uliojengwa vizuri, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba.

"Huu ni mtaro wa wapi?" aliuliza mama.

"Ni wa Mohenjo-daro, mama. Umejengwa zaidi ya miaka elfu nne iliyopita."

Mama aliliteremsha jembe. "Elfu nne," alisema, "na wetu hauna hata miaka kumi." Kisha akaketi karibu na mwanawe, akamwambia amsomee.

Mji huo aliouona mama kitabuni uko katika jimbo la Sindh, nchini Pakistani, upande wa magharibi wa mto mkubwa uitwao Indus. Ulijengwa yapata mwaka 2500 kabla ya kuzaliwa Kristo, ukakaliwa kwa muda wa karne kadhaa, na ilipofika karibu mwaka 1900 kabla ya Kristo ulikuwa umekwisha kudhoofika. Jina la Mohenjo-daro, ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa ni Kilima cha Wafu, si jina walilolitumia wenyeji wake wa kale. Hilo halijulikani, maana maandishi yao mafupi, yaliyochorwa juu ya mihuri midogo ya mawe, hayajasomeka hata leo. Watu hao hawakuacha hadithi za wafalme wala habari za vita zinazoweza kusomwa. Walichokiacha ni nyumba, visima na mitaro, na kutokana na vitu hivyo wataalamu wamejifunza jinsi walivyoishi.

Mtaalamu wa mambo ya kale wa Kihindi, R. D. Banerji, ndiye aliyeanza kuchimbua mahali hapo katika mwaka 1922. Kabla ya hapo, wapita njia waliona tu vilima vya udongo na matofali, na juu ya kimojawapo magofu ya jengo la ibada la Wabudha, lililojengwa karne nyingi baada ya mji wenyewe kufa. Mwaka 1924 John Marshall, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Uhindi, aliutangazia ulimwengu kwamba katika bonde la mto Indus umegunduliwa ustaarabu uliokuwa umesahauliwa kabisa. Kazi ya kuchimbua iliendelea kwa miaka mingi chini yake na chini ya Ernest Mackay. Kadiri udongo ulivyoondolewa, ndivyo zilivyotokea barabara zilizonyooka, nyumba zilizopangwa kwa safu, na matofali ya kuchoma yaliyofinyangwa kwa kipimo kimoja: urefu wake mara mbili ya upana, na upana wake mara mbili ya unene.

Lakini jambo lililowashangaza wachimbuaji hao kuliko yote ni namna watu hao walivyoyatawala maji. Katika nyumba nyingi mlikuwa na mahali pa kuogea. Palikuwa ni sakafu ndogo ya matofali yaliyosuguliwa na kubanwa sana ili maji yasipenye, na sakafu hiyo ilikuwa na mteremko mdogo kuelekea pembe moja. Maji yalipomwagwa yalikwenda kwenye pembe hiyo, yakapita katika tundu la ukutani, yakatoka nje. Nyumba zenye ghorofa zilikuwa na mabomba ya udongo wa kuchoma, au njia zilizojengwa ndani ya ukuta, ili maji ya juu yashuke bila ya kumwagikia mpita njia. Katika baadhi ya nyumba mlikuwa na vyoo vilivyounganishwa na mfumo huo huo.

Nje ya nyumba, maji yalipokewa na mfereji wa kichochoro, na mfereji wa kichochoro ukamwaga katika mfereji mkubwa wa barabara. Mifereji hiyo ilijengwa kwa matofali, ikafunikwa kwa matofali au kwa mabamba ya mawe. Hapa ndipo inapoonekana akili ya mtu aliyezoea kazi: vifuniko hivyo viliweza kuondolewa. Mjenzi wake alijua kwamba mfereji, hata ukijengwa kwa ustadi gani, hapana budi utaziba siku moja, na siku hiyo atahitajika mtu wa kuufungua. Hali kadhalika, baada ya kila masafa fulani palikuwa na shimo lililojengwa kwa matofali, ambamo maji yalitua kidogo, mchanga na takataka zikazama chini, na maji yaliyopungua uzito yakaendelea na safari. Kuchota takataka kutoka katika shimo moja ni kazi nyepesi kuliko kuchimbua mtaro mzima.

Si kila nyumba ilikuwa na bahati ya kuwa karibu na mfereji. Waliokosa waliweka mtungi mkubwa au walichimba shimo chini ya tundu la ukuta wao, maji yakaingia humo, yakanywewa na ardhi kidogo kidogo. Kwa hiyo hata yule ambaye mfereji haukumfikia hakujipa ruhusa ya kumwaga maji yake njiani.

Wachimbuaji waliona pia kando ya mifereji vilima vidogo vya mchanga wa rangi ya kijani na kijivu. Mchanga huo haukuletwa na mafuriko. Ulikuwa ni uchafu uliochotwa na watu kutoka ndani ya mitaro na kuachwa pembeni. Ni jambo dogo, lakini huenda ndilo lenye maana kuliko yote yaliyopatikana huko. Ukuta huonyesha kwamba mtu alijenga mara moja. Kilima cha uchafu uliochotwa huonyesha kwamba mtu alirudi, akainama, akachafua mikono yake, kisha akarudi tena. Majina ya watu hao hayajulikani, wala ujira wao. Lakini bila ya kazi yao mifereji ile ingalikuwa makaburi ya takataka katika msimu mmoja.

Maji safi nayo yalitunzwa kwa bidii hiyo hiyo. Inakadiriwa kwamba mji huo ulikuwa na visima zaidi ya 700. Vilikuwa vya duara, vimejengwa kwa matofali maalumu yenye umbo la kabari, mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, hata yalipopangwa kwa duara yalibanana yenyewe na kustahimili msukumo wa ardhi. Kadiri miaka ilivyopita, nyumba mpya zilijengwa juu ya mabaki ya zile za zamani na barabara zikainuka, nao wenyeji wakaongeza matofali juu ya midomo ya visima ili visifukiwe. Leo, baada ya udongo wa pembeni kuondolewa na wachimbuaji, baadhi ya visima hivyo vimesimama wima kama minara, na mgeni asiyejua huviona kuwa ni dohani za viwanda.

Katika sehemu ya juu ya mji lilikuwako birika kubwa la kuogea, lenye urefu wa karibu mita 12, upana wa mita 7 na kina cha mita 2.4. Ngazi zilishuka humo kutoka ncha mbili. Ili maji yasivuje, matofali yaliunganishwa kwa jasi, na nyuma ya ukuta ikapakwa lami ya asili. Maji yalipochakaa yalitolewa kwa mfereji mkubwa wenye dari, ambao mtu mzima aliweza kupita ndani yake. Wengi hufikiri kwamba birika hilo lilikuwa la ibada. Iwe hivyo au isiwe, watu waliolijenga waliuheshimu mwili uliooshwa.

Yafaa msomaji akumbuke miji mingine ilivyokuwa, ili aipime kazi hiyo. Katika kiangazi cha mwaka 1858, zaidi ya miaka elfu tatu baada ya Mohenjo-daro kuachwa, mji wa London uligubikwa na uvundo wa mto Thames, ambao ulikuwa umegeuzwa kuwa mfereji wa vinyesi, hata wabunge ambao jengo lao liko kando ya mto walishindwa kuvumilia. Miaka minne kabla ya hapo, daktari John Snow alikuwa ameonyesha kwamba kipindupindu katika mtaa mmoja wa mji huo kilitoka katika maji ya pampu moja ya barabarani. Baada ya uvundo ule ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa fedha za kujenga mitaro mikubwa ya chini ya ardhi. London ilikuwa na utajiri, mashine na vitabu. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni makubaliano kwamba uchafu wa mtu mmoja ni shauri la watu wote.

Na hilo ndilo fundisho la mfereji. Mtu aweza kujenga nyumba nzuri peke yake, akachimba kisima peke yake, akazungusha ua peke yake. Lakini hawezi kuwa na mfereji peke yake. Mfereji hutoka kwake ukapita kwa mwenzake. Akiusafisha wa kwake na mwenzake asiusafishe wa kwake, maji yatamrudia. Jirani wa juu ana uwezo wa kumdhuru jirani wa chini bila ya kumchukia, kwa uvivu tu. Naye jirani wa chini, akiziba, aweza kumzamisha jirani wa juu. Kwa hiyo mtaro ni mkataba ulioandikwa ardhini, na hutiwa sahihi upya kila mara mtu anaposhika jembe.

Ule mkataba wa Mohenjo-daro haukudumu milele. Katika tabaka za juu za magofu, yaani zile za siku za mwisho, dalili zinabadilika. Nyumba kubwa ziligawanywa vyumba vidogo vidogo kwa kuta zilizojengwa ovyo. Tanuri za wafinyanzi, ambazo zamani hazikuruhusiwa kuwa baina ya nyumba za watu, zilijengwa hadi barabarani. Mifereji iliachwa bila ya kutengenezwa. Kwa nini mji ulihamwa, wataalamu wametaja sababu nyingi: mto kubadili njia, mafuriko, mvua kupungua, biashara ya mbali kufifia; wala haijapatikana sababu moja inayokubaliwa na wote. Lakini kabla ya watu kuondoka, walikuwa wamekwisha kuacha kusafisha mitaro. Huenda kuacha huko hakukuuangusha mji. Hata hivyo, mtu aliyeishi humo siku hizo, akiona maji meusi yametuama mbele ya mlango wake na asimwone mtu wa kuyatoa, bila shaka alijua kwamba jambo fulani limekwisha.

Siku hizi mji huo unapigana tena na maji, na mara hii maji hutoka chini. Baada ya bwawa la Sukkur kufunguliwa katika mwaka 1932, mashamba ya mpunga na mazao mengine ya eneo hilo yalianza kunyweshwa kwa mifereji mikubwa, na maji ya chini ya ardhi yakapanda. Maji hayo yana chumvi. Hupanda ndani ya matofali ya kale kama mafuta yapandavyo katika utambi. Yakifika juu, jua huyakausha, na chumvi iliyobaki hutanuka ndani ya tofali na kulipasua hadi likawa unga. Ndivyo kuta zilizostahimili kwa maelfu ya miaka chini ya udongo zilivyoanza kuliwa mara tu zilipofunuliwa. Tabaka za chini kabisa za mji zimezama majini, na hazijapata kuchimbuliwa kikamilifu.

Mwaka 1974 UNESCO na serikali ya Pakistani zilianzisha juhudi za kimataifa za kuuokoa mji huo. Pampu ziliwekwa kuteremsha maji ya ardhini, na kingo za mto zikaimarishwa. Mwaka 1980 mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Lakini dawa mojawapo itumikayo hasa ni ya kinyumbani: vibarua huchanganya udongo usio na chumvi nyingi pamoja na maji, wakazipaka kuta ili chumvi ihamie katika tope hilo badala ya kulila tofali. Tope likichakaa hubanduliwa, likapakwa jipya. Ni kazi isiyokwisha, kama ile ya mababu waliochota mchanga mitaroni.

Katika mwezi wa Agosti 2022 mvua za kupita kiasi zilinyesha Pakistani. Mafuriko ya mwaka huo yaliua watu zaidi ya 1,700 na kuwadhuru watu wapatao milioni 33, na jimbo la Sindh lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoteseka zaidi. Mto haukuufikia mji wa kale, lakini mvua yenyewe ilibomoa baadhi ya kuta zake. Wengi waliopoteza nyumba katika vijiji vya Sindh walikuwa wakiishi katika nyumba za udongo.

Kijana alipofika hapo alikifunga kitabu. Mengine alikuwa ameyasikia kwa mwalimu wake, akayaongeza mwenyewe. Mama alinyamaza kitambo, kisha akaondoka na jembe lake kwenda mlimani, ila sasa alitembea polepole.

Alipiga hodi kwa jirani wa juu, akaitikiwa na sauti iliyotoka nyuma ya nyumba. Alimkuta nyanya mwenye nyumba, mjane wa siku nyingi, amejiinamia juu ya mtaro akichota tope kwa sufuria kuukuu, mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta asianguke. Yale maneno aliyokuwa ameyatayarisha njiani yalimpotea.

"Karibu, mwanangu," alisema nyanya. "Najua lililokuleta. Nilisikia maji yakiteremka kwako usiku kucha, nisipate usingizi. Mjukuu wangu aliyekuwa akinizibulia amekwenda mjini tangu mwaka jana, na mgongo huu haunikubali tena. Nami niliona haya kukuomba msaada, kwa kuwa maji yenyewe yanakuja kwako."

"Ungeniita tu, nyanya," alijibu mama.

"Ningekuitaje, mwanangu? Nyumba hizo mbili za juu nazo humwaga kwangu, nami sijapata kuwaambia neno."

Mama aliingia mtaroni, akaanza kuchimba. Alichimba kuanzia kwa nyanya kushuka kwake, na alipofika mbele ya mlango wake mwenyewe alisimama akatazama alichokitoa. Maganda ya ndizi yaliyokuwa yameshikamana pale, yakiwa yameziba kuliko takataka zote za juu, yalikuwa yake. Alikuwa akiyatupa hapo kila jioni, akidhani mvua itayachukua. Akainua macho akaitazama nyumba iliyo chini ya kwake, nyumba ya mama kijana aliyejifungua mwezi uliopita, akauona ukuta wake umelowa hadi kimo cha goti. Hapo alimkumbuka muuguzi na swali lake. Jibu lilikuwa limemngoja mlangoni kwake siku zote.

Jioni hiyo alimpelekea mama kijana kikapu cha kuni kavu, akamweleza ukweli wote bila ya kuficha ganda moja. Kisha wakaenda wote wawili nyumba kwa nyumba. Jumamosi iliyofuata watu wa nyumba saba walikutana mtaroni na majembe, sepetu na ndoo. Wawili hawakuja, na mmoja alikuja akiwa amekasirika. Hata hivyo mtaro ulizibuliwa tangu juu hadi chini, ukapewa mteremko, na pale unapopinda kijana wa sekondari akashauri lichimbwe shimo la kutuamisha mchanga, likajengwa kwa mawe. Mbele ya milango waliweka mabamba ya mawe, yawe mazito vya kutosha mtoto asiyasukume, na mepesi vya kutosha mtu mzima ayainue. Sehemu ya nyanya iligawiwa vijana kwa zamu, naye kwa upande wake akachukua kazi ya kukumbusha, na inasemekana hakuna aifanyaye kazi hiyo kwa ukali kuliko yeye.

Si kila mtaa una mhandisi, wala si kila nyumba ina uwezo wa kununua saruji. Lakini kila mwenye nyumba aweza kujiuliza swali la muuguzi yule: maji machafu ya kwetu huenda wapi? Maganda na mabaki yatupwe katika shimo la taka au yafanywe mbolea, yasitupwe mtaroni. Mtaro uzibuliwe kabla ya masika, si katikati yake. Maji ya kunywa yachemshwe na kufunikwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto anayehara apelekwe kwa mganga mapema, asingojewe hadi alegee. Na iwapo mtaro wa jirani umeziba, kwanza aulizwe kama ana nguvu za kuuzibua.

Mvua kubwa ilirudi kabla ya mwezi kwisha. Mama aliamka usiku wa manane kama ilivyokuwa ada yake, akamgusa mtoto mdogo paji la uso, akaliona halina joto. Alishusha miguu sakafuni, akangoja. Sakafu ilikuwa kavu. Nje, chini ya mabamba ya mawe, alisikia maji ya nyanya yakipita mbele ya mlango wake, yakichanganyika na ya kwake, yakiteremka kwa mama kijana, na kutoka huko kwenda mtoni.